Mjongeo wa wacheza muheme na sauti za kompyuta: nianze na kihisi au nianze na ngoma?

Mtafiti_Makulu

Mbukwenyi wanajukwaa. Ninasoma shahada ya uzamili hapa Dodoma, na utafiti wangu unahusu namna mjongeo wa mwili unavyoweza kuongoza sauti za kompyuta papo hapo, yaani mchezaji anapotikisa bega, anapokanyaga ardhi au anapogeuka, kompyuta itambue na ijibu kwa sauti inayolingana na alichofanya. Ulaya na Marekani uwanja huu una watafiti wake, vifaa vyake na makongamano yake. Mojawapo, NIME (kongamano la ala na njia mpya za kupiga muziki), lilianza mwaka 2001 kama warsha ndogo mjini Seattle, na hadi leo huwakutanisha watu wanaounda ala mpya za muziki. Mimi ningependa kuifanya kazi hii hapa, pamoja na vikundi vya akina mama wanaopiga muheme, ngoma ya Wagogo, katika wilaya ya Chamwino, kwa sababu katika muheme mpigaji na mchezaji ni mtu mmoja: ngoma imebanwa katikati ya mapaja, mikono inapiga, mabega na shingo vinacheza, na sauti inaimba, vyote kwa wakati mmoja.

Nia yangu si kuibadilisha ngoma yenyewe wala kuiweka kwenye kinanda. Ninataka kujua kama teknolojia hii, ambayo imekua ikiwatazama wapiga piano, wapiga fidla na wachezaji wa dansi ya kisasa, inaweza kumtumikia mtu ambaye tangu utotoni hajawahi kutenganisha kupiga na kucheza.

Naomba msaada katika mambo matatu. Je, nitumie kamera au vihisi (vifaa vidogo vinavyopima mjongeo) vya kuvaa mwilini? Ucheleweshaji wa sauti unavumilika hadi kiasi gani? Na la tatu, ambalo msimamizi wangu amenirudishia zaidi ya mara moja: hata nikifaulu kiufundi, ni kitu gani nitakuwa nimekigundua?

FundiSakiti_Kisasa

Ndugu mtafiti, nitajibu mawili ya kwanza, kwa kuwa hayo ndiyo ninayoyafanyia kazi kila siku.

Kuhusu kamera, tofautisha aina mbili. Kamera za kupima kina, kama Kinect iliyotoka mwaka 2010, hurusha mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, na kusoma unavyorudi. Ndani ya ukumbi zinafanya kazi vizuri, lakini jua letu la Dodoma lina infraredi nyingi kuliko kifaa kile, kwa hiyo ukiitoa nje saa nane mchana itakuwa kama imefumbwa macho. Aina ya pili ni kamera ya kawaida ikisaidiwa na programu inayotambua viungo vya mwili. MediaPipe, kwa mfano, hukadiria nukta 33 za mwili mzima kutoka kwenye video ya kawaida, na inatumika bila malipo. Hiyo haisumbuliwi na jua, ila inasumbuliwa na mambo mengine yaliyo kwenye muheme: akina mama husimama karibu karibu na kufichana, ngoma huficha mapaja, vitenge huficha magoti, na mchezo ukikolea vumbi hupanda. Isitoshe, kamera inayopiga picha 30 kwa sekunde hutoa picha moja kila baada ya milisekunde 33 hivi, na hapo programu bado haijaanza kuikokotoa.

Ndiyo maana mimi ningechagua kihisi cha kuvaa. Kipande kidogo kama MPU-6050 kina kipima mchapuko (kasi inavyobadilika) na jairoskopu (kipima mzunguko) pamoja, katika mihimili mitatu kila kimoja. Ukikiunganisha na mikrokontrola (kompyuta ndogo ya kipande kimoja) ya ESP32 na betri ndogo ya lithiamu, unapata kifaa kinachoenea kwenye mfuko wa kushonwa ndani ya mkanda, nacho hutuma takwimu kwa Waifai hadi kwenye kompyuta yako. Huhitaji bando wala mnara, kwa sababu mtandao unaozalishwa na simu yako au kisambazaji kidogo unatosha kuunganisha vifaa vilivyo uwanjani. Kwenye kompyuta weka Pure Data, programu ya bure ya kuunda sauti ambayo Miller Puckette aliianzisha katika miaka ya 1990, na uzitume takwimu kwa itifaki ya OSC, utaratibu wa kutuma ujumbe kati ya vifaa na programu za muziki, ambayo wengi wa fani hii huitumia badala ya MIDI, itifaki ya zamani ya mwaka 1983.

Kuna mitego miwili ambayo vijana wengi huangukia. Kwanza, kipima mchapuko kikiwa kimetulia mezani hakisomi sifuri, bali husoma takribani mita 9.8 kwa sekunde ya mraba, kwa sababu kinahisi mvutano wa dunia. Usipouchuja mvutano huo, mama akiinama tu kompyuta itadhani amepiga. Pili, kihisi hicho huwashwa kikiwa kimewekwa kwenye kiwango cha chini kabisa, yaani kinapima hadi mara mbili tu ya mvutano wa dunia. Mguu unaokanyaga kwa nguvu unapita hapo kwa mbali, na kilele cha pigo, ambacho ndicho unachokitafuta, kinakatwa. Kipandishe hadi kiwango cha mara 16 kabla hujaanza kurekodi.

Kuhusu ucheleweshaji, David Wessel na Matthew Wright walipendekeza mwaka 2002 kwamba ala ya kompyuta inayopigwa kwa ishara za mwili isichelewe zaidi ya milisekunde 10, na kwamba yumbayumba ya ucheleweshaji huo isizidi milisekunde 1. Sharti la pili ndilo gumu. Mpigaji anaweza kuzoea ala inayochelewa sawasawa kila mara, lakini ala inayowahi pigo hili na kuchelewa linalofuata humvuruga hata fundi aliyebobea.

MwalimuWaZeze

Ninamshukuru ndugu fundi, na ushauri wake wa kiufundi ninauafiki wote. Hata hivyo naona hatari katika namna swali lenyewe lilivyopangwa, kwa sababu limeanza na kifaa, na fani hii imejaa vifaa vilivyotengenezwa vizuri, vikaonyeshwa mara moja kwenye kongamano, kisha vikasahaulika kabatini kwa kukosa mpigaji.

Tuangalie vile ambavyo havikusahaulika. Mrusi Lev Termen alibuni ala yake inayoitwa theremin karibu na mwaka 1920. Ina antena mbili, moja ya kupandisha na kushusha mlio na nyingine ya kuongeza na kupunguza ukubwa wa sauti, na mpigaji haigusi popote: mkono wake unaposogea karibu na antena unabadilisha uwezo wa kuhifadhi chaji kwenye sakiti, na mlio unabadilika. Ala hiyo iliheshimika kwa sababu alitokea mtu kama Clara Rockmore, aliyekuwa amesomea fidla, akajitungia mpangilio wa vidole hewani na kuufanyia mazoezi kwa miaka. Mholanzi Michel Waisvisz alivaa ala yake ya mikononi kuanzia mwaka 1984, katika STEIM, kituo cha muziki wa kielektroniki mjini Amsterdam, na alikuwa bado anaipiga miaka ya mwisho kabla ya kufariki mwaka 2008. Laetitia Sonami alianza mwaka 1991 na glavu za mpira za jikoni alizozifunga vihisi, akaendelea kuziboresha toleo baada ya toleo, huku muziki wake ukikua pamoja nazo. Katika wote hao, kihisi kilikuwa sehemu ndogo ya kazi. Kazi kubwa ilikuwa kuamua mjongeo gani uzae sauti gani, na kuukaa uamuzi huo muda mrefu mpaka mwili uukubali.

Kuhusu uamuzi huo lipo jaribio moja ambalo ningependa ulisome kwa makini. Andy Hunt, Marcelo Wanderley na Matthew Paradis waliandika mwaka 2002 juu ya ala ya kompyuta yenye vitelezi viwili tu, yaani vidhibiti vya kusogeza kwa kidole. Katika mpangilio wa kwanza kila kitelezi kilishika kazi yake, kimoja ukubwa wa sauti na kingine kupanda kwa mlio, na watu waliielewa upesi, wakaichoka upesi. Katika mpangilio mwingine sauti ilitoka pale tu mpigaji alipoendelea kusogeza kitelezi, kama mtu anayevuta upinde wa zeze, na kazi za vitelezi zikaingiliana. Vifaa vilikuwa vilevile, lakini huu wa pili watu waliuona kuwa ala ya kweli, ingawa ulikuwa mgumu zaidi. Sauti iliwadai nguvu ya mwili, nao wakaanza kuitafuta.

Sasa nije kwenye swali lako la tatu, ambalo nadhani ndilo lililobeba utafiti wako. Watafiti wa Ulaya wakiongozwa na watu kama Rolf Inge Godøy na Alexander Refsum Jensenius wa Chuo Kikuu cha Oslo, na Marc Leman wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, wamezoea kuigawa mijongeo ya muziki katika makundi manne: inayozalisha sauti, kama mkono unaopiga ngozi, inayosaidia uzalishaji, kama bega linalojiandaa kabla ya pigo, ya mawasiliano, kama jicho la kiongozi linalowaambia wenzake kwamba wimbo unageuka, na inayoambatana na sauti bila kuizalisha, kama mtazamaji anayeyumba au mchezaji wa dansi. Wenyewe wanakubali kwamba mjongeo mmoja unaweza kuingia katika makundi zaidi ya moja, lakini mifano yao mingi inatoka mahali ambapo mpigaji amekaa na mchezaji yuko upande mwingine wa jukwaa.

Jiulize njuga ziko kundi gani. Mchezaji anayekanyaga huku amefunga njuga miguuni anacheza kwa kuufuata mdundo wa ngoma, na mguu uleule unaoufuata mdundo unauongeza mdundo mwingine juu yake, ambao wapigaji nao wanausikia na kuujibu. Marehemu Hukwe Zawose, mwana wa mkoa huu aliyefundisha Bagamoyo na kuipeleka ilimba yetu (ala ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba) ulimwenguni, alikuwa akipiga ilimba kwa mikono, akiimba, na miguuni akiliza njuga. Huwezi kumkata vipande vinne na kusema hapa anapiga, hapa anacheza. Njuga, kwa maoni yangu, ni teknolojia kamili ya kugeuza mjongeo kuwa sauti, isiyo na ucheleweshaji wowote, na Wagogo wameitumia kabla ya mtu yeyote kuwaza sakiti. Ukiionyesha dunia mpangilio unaotokana na mantiki ya njuga, badala ya ule wa vitelezi, msimamizi wako atakuwa amepata jibu lake.

Mtunza_Kumbukumbu_Dom

Nitaongeza neno fupi kuhusu idhini, kwa kuwa halijaguswa. Video ya mama anayetambulika kwa sura ni taarifa binafsi, na tangu mwaka 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Aidha, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ina sehemu inayolinda sanaa za jadi, kwa hiyo matumizi ya kibiashara nje ya mazingira yake ya kimila yanahitaji kibali. Mpango wako ni wa kitaaluma, lakini programu utakayoiunda inaweza kuuzwa na mtu mwingine baadaye. Andika mapema ni nani mwenye haki ya zile rekodi.

Barua ya chuo kwenda halmashauri na kwa mtendaji wa kijiji ni ya lazima, lakini haitoshi. Kaa na viongozi wa kikundi wenyewe, ueleze kwa lugha wanayoitumia nyumbani kwamba takwimu za mijongeo zitabaki kwenye kompyuta hata wakishaondoka uwanjani. Na ukumbuke kwamba muheme una mizizi katika shughuli za wanawake na unyago. Zipo nyimbo ambazo hazistahili kurekodiwa, na wao ndio watakaokuambia zipi. Wakikuambia uzime kifaa, zima bila kuuliza sababu.

Mtafiti_Makulu

Nawashukuru sana nyote. Mwalimu, hoja yako ya njuga imenibadilishia mpango, kwa maana nilikuwa nimekusudia kuweka vihisi kwenye mikono inayopiga ngoma, na sasa naona kwamba mikono hiyo tayari ina sauti yake, na kompyuta ingekuwa inarudia kwa uhafifu kile ambacho ngozi inakisema vizuri zaidi. Ninafikiria kuvihamishia mabegani na kwenye vifundo vya miguu.

Lakini nina mashaka mawili. Bega likianza kutoa sauti, je, akina mama hawatabadilisha uchezaji wao ili kuifurahisha kompyuta, na mimi nikabaki ninapima kitu nilichokisababisha mwenyewe? Na je, kuna njia ya kuchunguza mijongeo yao kwanza, kabla sijamvisha mtu kifaa chochote?

MwalimuWaZeze

Nianze na la pili. Njia ipo, na ni nyepesi. Jensenius na wenzake wametengeneza zana za bure, baadhi katika lugha ya programu ya Python, zinazochukua video ya kawaida na kuondoa kila kisichosogea, kisha kuibana mijongeo iliyobaki kuwa picha moja ndefu ambayo muda unakwenda upande wa kulia. Ukiilinganisha picha hiyo na mawimbi ya sauti ya rekodi ileile, unaona kwa macho kama bega linatangulia pigo, linakwenda nalo au linalifuata. Simama mahali pamoja, weka simu kwenye stendi ya miguu mitatu isiyotikisika, mgongo ukiwa upande wa jua, na urekodi mpigaji mmoja mmoja kabla ya kundi. Kabla hujaandika hata mstari mmoja wa programu, utakuwa umejua ni mjongeo upi unaostahili sauti.

Kisha waite akina mama waitazame video hiyo pamoja nawe, na uwaulize wao: hapa bega linafanya nini? Nina hakika utapata maelezo ambayo mashine haiwezi kuyatoa, kwamba huku ni kumwita mwenzake, huku ni kupumzisha mkono, huku ni madoido tu ya mtu fulani na si sehemu ya ngoma. Makundi yako ya mijongeo yatoke kwao, hata yakiwa saba au mawili, na hapo ndipo uyalinganishe na yale manne ya Oslo na Ghent.

Kuhusu shaka lako la kwanza, ni kweli kwamba watabadilika. Hata mtu aliyesimama bila kufanya chochote huguswa na muziki: katika mashindano ya kusimama kimya yanayofanyika Oslo tangu mwaka 2012, washiriki walioambiwa wasisogee kabisa walisogea zaidi kidogo muziki ulipopigwa kuliko palipokuwa kimya. Ikiwa mtu anayejizuia anasogezwa na sauti, mtu anayecheza hawezi kubaki vilevile sauti mpya inapozaliwa kutoka begani mwake. Usilifiche badiliko hilo wala usilione kuwa doa. Rekodi bila sauti ya kompyuta, rekodi nayo, kisha rekodi tena bila sauti hiyo, na ulinganishe. Ningependa sana kujua kama wataitumia kama njuga, yaani kuongeza mdundo juu ya mdundo, au wataiacha ikae nyuma kama mvumo. Uamuzi huo wa kwao una thamani kuliko programu yoyote utakayokuja nayo uwanjani.

Ombi langu moja tu: usiwapelekee sauti za ajabu ajabu za kompyuta siku ya kwanza. Anza na sauti iliyorekodiwa kwa idhini yao wenyewe, njuga, kayamba au zeze, ili wapime uhusiano wa mjongeo na sauti kwa masikio ambayo tayari yanaijua sauti hiyo.

FundiSakiti_Kisasa

Hapa ninatofautiana na mwalimu kidogo. Sauti iliyorekodiwa ya njuga ikitoka kwenye spika, sikio litailinganisha na njuga halisi na kuikataa upesi, hasa ikichelewa. Sauti ambayo hawajawahi kuisikia inasamehewa zaidi. Ningekushauri uende na zote mbili, uwaachie wachague.

Kuhusu vifundo vya miguu, unapotambua pigo la kukanyaga weka kizingiti, yaani kiwango ambacho takwimu zikikivuka pigo linahesabiwa, na baada ya kila pigo iambie programu ipuuze takwimu kwa muda mfupi, kwa kuanzia milisekunde 80 hivi, kwa kuwa mguu ukigonga ardhi kihisi hutetemeka na kompyuta huhesabu mapigo matatu mahali pa moja. Muda huo utauongeza au kuupunguza kulingana na kasi ya wachezaji. Begani usitumie kizingiti kabisa. Bega halipigi, linakwenda, kwa hiyo tumia kasi ya mzunguko kutoka kwenye jairoskopu na uiache iongoze sauti mfululizo, sauti ikikoma bega likitulia. Huo ndio upinde wa zeze ambao mwalimu ameueleza.

Na kabla hujapanda gari kwenda Chamwino, pima ucheleweshaji wako nyumbani. Gonga meza kwa kihisi huku spika ikiwa karibu, rekodi mlio wa meza na sauti ya kompyuta kwa maikrofoni moja, ufungue rekodi hiyo kwenye programu ya kuhariri sauti ya Audacity na usome pengo lililopo kati ya vilele viwili. Rudia mara nyingi, maana unachotafuta si wastani peke yake bali pia tofauti kati ya pengo dogo kabisa na kubwa kabisa. Ukiona tofauti hiyo ni kubwa, mara nyingi chanzo ni Waifai kujizima ili kuokoa betri. Zima hali hiyo kwenye ESP32, upime upya, kisha uweke hapa matokeo yako tuyaangalie kwa pamoja.